Upinde Uliokwisha Tumika: Ununuliwe au Uachwe?

Mwaka 1934 jimbo la Wisconsin, Marekani, lilitenga kwa mara ya kwanza msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde peke yake. Tangu hapo uwindaji wa namna hiyo umeenea sana nchini humo, na pamoja nao imezuka biashara ya pinde zilizokwisha tumika. Mzee asiyeweza tena kuvuta huuza upinde wake. Kijana aliyenunua mpya hutaka kuuondoa wa zamani. Warithi hukuta podo zima la mishale limesahauliwa darini. Bei ya vitu hivyo huwa chini sana kuliko bei ya dukani, na baadhi ya pinde hizo ni nzuri kupita nyingi zinazotengenezwa leo. Lakini upinde si kiti wala meza. Ni chombo cha kuweka nishati, na unapokuwa umevutwa kabisa, nishati hiyo yote huwa imekaa kando ya shavu la mtu.

Ni nishati kiasi gani? Kwenye mkono wa chini wa pinde nyingi za kisasa huandikwa tarakimu mbili, kwa mfano ratili 45 kwa inchi 28. Maana yake ni kwamba upote ukivutwa hadi kipimo cha inchi 28, kani inayohitajika ni ratili 45, yaani nyutoni 200 hivi. Kabla ya kuvutwa, upote huwa tayari uko umbali wa inchi saba au nane kutoka kwenye kishikio. Kwa hiyo mwendo halisi wa mvuto ni karibu nusu meta. Katika upinde wa kawaida kani huanzia sifuri na kupanda karibu kwa mstari ulionyooka, kama kanuni ya Hooke inavyotaka. Nishati ni eneo lililo chini ya mstari huo: nusu ya nyutoni 200 mara nusu meta, yaani jouli 50. Si yote inayoingia katika mshale, kwa kuwa upote na mikono ya upinde nayo hutaka kusogezwa. Tuseme mshale umepata asilimia 70, yaani jouli 35. Mshale wenye tungamo la gramu 28 utaondoka kwa kasi ya meta 50 kwa sekunde.

Hesabu hii ndogo inafaa ifanywe kabla ya kutoa fedha, maana tarakimu zilizoandikwa kwenye upinde ni za mtu mwenye mikono ya kufikia inchi 28, na si kila mnunuzi ni mtu huyo. Njia rahisi ya kukadiria ni kunyoosha mikono yote miwili, kupima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole kwa inchi, kisha kugawanya kwa 2.5. Mtu mwenye upana wa inchi 65 hupata 26. Kwa mtu huyo upinde ule ule hauvuti ratili 45 bali kama 40, na mwendo wa mvuto nao umepungua kwa sehemu moja katika kumi. Vyote viwili huzidishwa pamoja, na nishati hushuka kutoka jouli 50 hadi 40. Sehemu moja katika tano imepotea bila upinde kuwa na kasoro yoyote.

Hasara hiyo humwangukia mnyama. Risasi ya bunduki ya kuwindia hubeba maelfu ya jouli na huua kwa mshtuko na kupasua. Mshale hubeba makumi tu, nao huua kwa kukata mishipa ya damu kwa makali ya chembe yake. Usipopenya hadi kwenye mapafu au moyo, kulungu hukimbia na jeraha, na pengine hufa siku ya tatu mahali asipoonekana. Ndiyo sababu majimbo mengi ya Marekani yameweka kisheria kiwango cha chini cha uzito wa mvuto kwa uwindaji wa kulungu, mara nyingi kati ya ratili 30 na 40. Tena sauti ya upote husafiri meta 340 kwa sekunde. Kulungu aliye meta 20 huisikia baada ya sekunde 0.06, ilhali mshale wa meta 50 kwa sekunde humfikia baada ya sekunde 0.4. Katika nafasi hiyo mnyama mwenye wasiwasi aweza kuinama na kugeuka. Mnunuzi anayejisifu kuwa amepata upinde kwa bei ya kutupa, nao ni dhaifu kwa mikono yake, amewasogezea wanyama gharama ambayo yeye ameikwepa.

Kinyume chake pia kipo, nacho ni cha kawaida zaidi: vijana hununua upinde mzito wasioweza kuutuliza. Mwenye kutetemeka hana shabaha, hata upinde wake ukiwa wa namna gani.

Sasa tuje kwenye ukaguzi wenyewe. Mti ukipindwa, upande wa nje hutanuka na upande wa ndani hubanwa. Mti huvumilia kutanuliwa kuliko kubanwa, kwa hiyo upinde wa mti mtupu aghalabu huanza kufa kwa ndani, upande unaomkabili mpigaji. Hapo hutokea mikunjo midogo kama nywele, ikikatiza nyuzi za mti. Mnunuzi aupeleke upinde penye mwanga wa jua, aushike kimshazari, na kupitisha ukucha. Mkunjo mmoja ukionekana, mti umekwisha vunjika pale, na kilichobaki ni siku tu. Upinde wa mti ulioachwa miaka mingi ukiwa na upote umetiwa huwa umezoea kukunja. Hata ukivuliwa upote haunyooki, na nguvu yake huwa imepungua.

Tangu miaka ya 1950 viwanda kama cha Fred Bear, mjini Grayling katika jimbo la Michigan, vilitengeneza kwa wingi pinde za tabaka: mti katikati, faibaglasi nje na ndani, vyote vikishikwa kwa gundi. Pinde hizi hazichoki upesi, na ndizo zinazotafutwa zaidi katika soko la vitu vya zamani. Adui zake ni joto na ujinga. Upinde ulioachwa ndani ya gari lililofungwa juani waweza kulegea gundi, na tabaka zikaanza kuachana pembeni. Mistari myembamba katika faibaglasi inayofuata urefu wa mkono wa upinde mara nyingi ni ya juu juu na haina madhara makubwa. Mstari unaokatiza mkono kwa upana ni sababu tosha ya kuurudisha upinde kwa mwenyewe na kumwamkia kwaheri. Ujinga nao huja kwa mtu aliyeutia upote kinyume. Pinde hizi, zikiwa bila upote, ncha zake huelekea mbele, mbali na mpigaji, na asiyejua huzipinda upande huo huo zinaoelekea. Upinde uliowahi kutendwa hivyo usiaminiwe, hata ukionekana mzima.

Kisha upinde utiwe upote na kutazamwa kwa jicho moja kutoka ncha hadi ncha, kama fundi seremala anavyotazama ubao. Upote unapaswa kulala katikati ya mikono yote miwili. Ukilala pembeni, mkono mmoja umepotoka.

Upote wenyewe una habari ambayo wauzaji wengi hawaijui. Zamani ulikuwa wa poliesta, ambayo hunyumbuka kidogo mwishoni mwa mwendo na kupunguza kishindo. Katika miaka ya 1980 zikaja nyuzi za polithini yenye nguvu nyingi, ambazo hazinyumbuki karibu kabisa. Mshale huenda kasi zaidi, lakini kishindo chote huishia kwenye ncha za upinde. Pinde zilizotengenezwa kabla ya nyuzi hizo hazikuimarishwa ncha kwa ajili yake, na si chache zilizochanika kwa sababu mwenyewe alitaka kuzipa ujana kwa upote mpya. Upinde wa mwaka 1965 na upewe upote wa namna ya mwaka 1965.

Mambo hubadilika mtu anapouziwa upinde wa makapi. Mwaka 1966 Holless Wilbur Allen wa Missouri aliomba hataza ya upinde wenye magurudumu kwenye ncha za mikono yake, akaipata mwishoni mwa 1969. Magurudumu hayo hayana mhimili katikati. Ekseli yake imewekwa kando, hivyo nyenzo hubadilika kadiri yanavyozunguka. Kani hupanda haraka, hukaa juu kwa sehemu kubwa ya mwendo, halafu hushuka ghafla. Katika pinde nyingi za leo mwindaji aliyevuta kabisa hushikilia robo tu ya kani kubwa kabisa, au chini ya hapo, ilhali eneo lililo chini ya mchoro, yaani nishati, ni kubwa kuliko la upinde wa kawaida wenye uzito huo huo. Ni uvumbuzi mzuri sana, lakini humfanya mnunuzi wa kilichotumika awe na mengi ya kukagua. Urefu wa mvuto umefungwa na umbo la gurudumu, hivyo upinde wa mtu mrefu haumfai mfupi mpaka ubadilishwe vipande. Kebo na upote huchakaa, na kuvibadili kwahitaji mtambo wa kubana mikono. Gharama hiyo ijumlishwe kwenye bei. Tena kwa viwanda vingi dhamana hutolewa kwa mnunuzi wa kwanza tu.

Hatari kubwa ya pinde hizi ni ile isiyoonekana. Mtu akiuvuta upinde na kuuachia bila mshale, jouli ambazo zingeondoka na mshale hurudi katika mikono, magurudumu na ekseli kwa muda mfupi mno. Wakati mwingine upinde hupasuka hapo hapo. Wakati mwingine hubaki na ufa mdogo unaongoja mwenye nyumba mpya. Mafundi hutumia dawa rahisi ya kuugundua: kitonge cha pamba hupitishwa polepole juu ya mikono yote, pembeni na kuzunguka matundu. Pale nyuzi za pamba zinaponaswa, pana ufa au kibanzi. Magurudumu nayo yazungushwe na kutazamwa kwa mbele yasije yakawa yanayumba. Mnunuzi asivute upinde wowote kabla ya ukaguzi huu, na kamwe asiuachie bila mshale ili kusikia mlio wake.

Mishale hudharauliwa, ingawa ndiyo iletayo majeraha mabaya zaidi mikononi. Mshale wa kaboni uliogonga jiwe waweza kuonekana mzima, kumbe nyuzi zake zimekatika ndani. Ukiachiliwa hupasuka na vipande vyake hupenya mkono unaoshika upinde. Kila mmoja ukunjwe kidogo na kusokotwa karibu na sikio. Wenye kutoa mlio wa kupasukapasuka uvunjwe kabisa, mtu mwingine asije akauokota. Mishale ya alumini ya Easton huwa na namba nne, na namba hizo ni somo zuri: 2016 maana yake kipenyo cha 20/64 ya inchi, kama milimita 7.9, na unene wa ukuta wa 16/1000 ya inchi, kama milimita 0.4. Kwa vipimo hivyo na urefu wa mshale hujulikana jinsi utakavyokunjika unapoukwepa upinde wakati wa kuondoka. Mshale mgumu mno au laini mno kwa upinde husika huenda upande, hata mpigaji akiwa hodari.

Afrika Mashariki kuna mishale mikuukuu ya namna nyingine, na juu yake lafaa neno moja. Wata wa Tsavo, waliokuwa wawindaji wa ndovu, walikuwa na pinde ndefu zilizojulikana kuvuta zaidi ya ratili 100, uzito ambao wapiga upinde wengi wa leo hawauwezi. Sumu yao ilitokana na msunguti, ambao una ouabain, kemikali inayovuruga moyo kwa kuzuia seli kusukuma sodiamu na potasiamu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na vifaa hivyo leo huonekana zaidi kwenye makumbusho na mikononi mwa wauzaji wa vitu vya kale. Sumu iliyokauka yaweza kudumu na nguvu kwa miaka mingi. Mshale uliozungushiwa ukanda wa ngozi chini ya chembe usifunguliwe kwa udadisi, wala usiguswe na mwenye kidonda.

Shule yenye mizani ya kamani inayofika kilo 20 yaweza kuyaona mengi ya haya kwa upinde mwepesi wa mwanzi, bila kurusha mshale hata mmoja. Upinde ufungwe kwenye ubao uliosimama wima, upote uvutwe kwa ndoano ya mizani, na kani iandikwe kila baada ya sentimeta 5. Kisha upote urudishwe taratibu, vipimo vikiandikwa tena kwa hatua zile zile. Mstari wa kurudi hautalala juu ya mstari wa kwenda, bali chini yake kidogo. Eneo lililo kati ya mistari hiyo miwili ni nishati iliyogeuka joto ndani ya mwanzi, ambayo mshale usingeipata kamwe. Zoezi likirudiwa kwa upinde wa mwanzi mkavu na wa mwanzi mbichi, wanafunzi waweza kupima wenyewe ni upi unaorudisha sehemu kubwa zaidi ya kile ulichopewa.