Pesa za Mizani: Tafadhali Msizisugue

Katika nyumba zetu nyingi, za Maskati na za Uingereza, zimo pesa za shaba zilizotoka Unguja ndani ya fundo la leso. Nyingi ni za Sayyid Barghash: upande mmoja mizani, upande wa pili maandishi ya Kiarabu. Mwaka wake ni wa Hijria, 1299 au 1304, yaani 1882 na 1887 ya Miladi.

Mimi nilirithi saba kwa marehemu bibi, na moja nimeiharibu kwa mkono wangu. Ilikuwa Idi, nikataka wajukuu waione inang'ara, nikaisugua kwa ukwaju na chumvi kama tusuguavyo sinia. Iling'ara kweli! Lakini mwaka, uliokuwa ukisomeka kwa taabu, ukafutika, na baada ya wiki chache pesa yenyewe ikafubaa kwa mabaka. Ile rangi ya kahawia niliyoidhani uchafu ndiyo ngozi ya shaba. Huota kwa miaka mingi, nayo huilinda. Ukiibandua, hairudi.

Basi ndugu zangu, ndimu, siki, majivu na dawa za kung'arishia shaba ziacheni jikoni. Pesa yenye udongo iloweke katika maji yaliyotoneshwa, yasiyo manukato, siku moja au mbili, ukibadilisha maji. Kisha ikaushe kwa kuigandamiza kwa kitambaa laini cha pamba. Usiipanguse. Mafuta na unato huondoka kwa asetoni safi katika chombo cha kioo, dirisha wazi na moto mbali. Dawa ya kucha haifai, kwani huchanganywa na mambo mengine.

Jambo la kuogopa ni kijani. Kijani kigumu kilichoshikamana ni cha uzee, kiacheni. Kijani laini chenye kunata mara nyingi hutokana na vile vifuko vya plastiki laini vyenye harufu, na asetoni hukitoa. Lakini kijani cha unga, kinachorudi kila ukikipangusa, ni maradhi ya chumvi ndani ya shaba, na unyevu ndio chakula chake. Pesa hiyo itengeni na wenzake, muiweke pakavu kabisa, mumwonyeshe fundi wa makumbusho.

Na sisi wa pwani ya Oman tunaujua unyevu wa kiangazi! Kila pesa iwe na bahasha yake ya karatasi isiyo asidi, zote ndani ya kopo lenye kufunga vyema pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, vibadilishwe vikichoka. Msizifunge kwa mpira, maana salfa yake huitia shaba weusi. Kasha la mbao nalo lina mvuke wake, hata likiwa la bibi. Mkizishika, shikeni ukingo.

Juu ya bahasha andikeni ilitoka kwa nani na nani aliibeba. Ile yangu iliyofutika nimeiandikia pia nani aliyeisugua.