Sambusa ya Jero, Pilipili ya Heshima

Oya mwanangu, tuwekane sawa kabla hujaenda kujichoresha mbele za watu. Pai haijawahi kumuumbua mtu. Kinachomuumbua mtu ni kile alichokiweka pembeni yake. Unaweza ukashika sambusa ya moto, kali, imeshiba nyama, halafu ukaizamisha kwenye mayonezi. Kitaa kinakuangalia. Hakisemi kitu. Kesho una jina jipya.

Na nikisema pai usiniletee zile za kwenye muvi, zinazopozwa dirishani halafu mbwa anapita nazo. Naongelea ukoo mzima wa unga nje, nyama ndani. Sambusa ndiye braza mkubwa, anajulikana kila kona. Pai ya bekari ni binamu aliyekaa mamtoni kidogo akarudi na lafudhi. Soseji rolo anamfuata binamu kila anakoenda. Pizza ya Zanzibar, ile ya Forodhani inayokunjwa mbele yako na yai ndani, ni shangazi wa visiwani: mtamu, ana kelele, na bei yake inategemea sura yako. Katlesi na egichopu hawamo. Hawana unga nje. Hao ni majirani tu, wanatokea kwenye kila shughuli bila kadi.

Haya, tuanzie Kibaha.

Makao makuu ya mkoa wa Pwani, sawa, hilo ulilijibu shule ya msingi. Ila kiukweli Kibaha ni barabara yenye mji pembeni. Morogoro Road, kilomita kama 40 kutoka katikati ya Dar, siku hizi njia nane kuanzia Kimara, mabasi ya bara yanapita humo usiku na mchana. Kwa hiyo pai ya Maili Moja imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayepita. Lazima ishikike kwa mkono mmoja, wa pili umeshika nauli. Lazima isimwage kitu kwenye begi la jirani. Lazima iwe imeisha kabla ya Mlandizi. Pai ya bekari kazi hiyo haiwezi. Ukiing'ata tu, yale magamba yanamwagika kifuani, unashuka Chalinze bado unajipangusa hadi kwenye soksi.

Sambusa ya jero inaiweza. Imekaa kwenye kabati la kioo, imejipanga, inakuita. Muuzaji anaichomoa na kukufungia kwenye karatasi, maana tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku Juni 1, 2019, karatasi ndiyo imeshika usukani. Na Kibaha karatasi haziishi. Huu ni mji wa shule, mwanangu. Shirika la Elimu Kibaha lilianza 1963 kwa hela za nchi za Nordiki, likakabidhiwa serikali 1970, na tangu hapo daftari zilizojaa hazijawahi kukosa. Unakula sambusa huku unasoma jaribio la fizikia la mtoto wa watu. Amefeli. Mafuta yamepita kwenye swali la tatu, ila unaona kabisa kuwa amefeli.

Sasa pembeni yake. Kibaha hakuna sahani, hakuna kibakuli. Pembeni yote iko kwenye chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko. Ndani kuna ukwaju, pilipili, chumvi, na kama muuzaji ni mtu wa watu, karoti ya kuparaza. Wageni wanamimina juu ya sambusa. Ushamba. Inateleza yote, inaenda kwenye jaribio la fizikia, kisha kwenye suruali. Wewe ng'ata kona moja kwanza, ndogo, utoke mvuke. Pitisha ncha ya chupa kwenye tundu. Mimina kidogo. Tikisa. Subiri nyama inywe. Halafu ndiyo unang'ata, na ule uchachu unakupiga nyuma ya taya kabla pilipili haijajitambulisha. Jero tu hiyo. Kuna watu wanalipa msimbazi mzima mjini hawapati hata nusu ya hiyo feeling.

Onyo: usifanye hivi kwenye deti ya kwanza. Giligilani ikikaa kwenye jino la mbele, hakuna atakayekwambia. Utacheka nayo jioni nzima.

Kisarawe ni mambo mengine kabisa. Wilaya zinapakana, lakini mapigo tofauti. Kisarawe unaipandia: Gongo la Mboto, Pugu, kilima, msitu, upepo umebadilika, simu inaanza kutafuta mtandao. Huko hakuna basi linalokupigia honi. Watu wana muda. Na mtu mwenye muda anatengeneza cha pembeni cha maana.

Niwe mkweli, sambusa za Kisarawe hazinitishi. Viazi vingi, nyama inapita kusalimia. Ila chatne ya nazi! Hapo wanatuacha mbali, sisi wa barabarani tukae kimya. Huko ni Uzaramoni, nazi iko nyuma ya nyumba, haijapanda lori. Inakunwa kwenye mbuzi muda huohuo, inatwangwa na pilipili mbichi, kitunguu saumu, chumvi, giligilani, halafu ndimu inakamuliwa mwishoni. Nyeupe yenye madoa ya kijani. Ukichovya sambusa ya viazi humo, unasahau kwamba ni ya viazi. Unasahau hadi deni la kikoba.

Halafu wanaweka muhogo wa kukaanga pembeni. Ndiyo, wanga juu ya wanga. Kuna watu wa mazoezi wataanza kulia hapa. Waache walie. Muhogo wa huko ukikaangwa vizuri unapasuka katikati, unaubandika kachumbari kwenye ule ufa, unang'ata mara moja muhogo, mara moja sambusa. Mwezi wa Ramadhani ndiyo usiseme: sambusa, muhogo, magimbi, tambi, uji wa pilipili manga, vyote vimejaa kwenye sinia moja, na majirani wanatumiana mabakuli hadi hujui bakuli la kwenu lilipoishia.

Sasa njoo uwaone masela wa Dar wikiendi. Siku hizi kukwea ndiyo mchongo, kila mtu ni mpanda milima. Wanakuja msitu wa Pugu-Kazimzumbwi na raba nyeupe, nyeupe kabisa, msituni. Wamebeba kulboksi. Ndani kuna pai za mjini za buku tano kila moja, zimepoa, zimelowa kwa chini, na kopo la mayonezi lililopigwa jua tangu Kariakoo. Wanapiga picha za pai nusu saa. Wanapost. Halafu wanakula huku wanafukuza nzi. Hatua chache kutoka hapo kuna mama anakaanga muhogo, na chatne yake, na ukikaa vizuri anakuongezea bure. Hawamwoni. Hayuko kwenye lokesheni.

Tufike kwa wazee, maana najua wanakusubiri kijiweni na kahawa yao.

Mzee wa kijiwe ana hotuba moja tu, ameirekodi kichwani: zamani sambusa ilikuwa inajaa nyama. Nani kaharibu? Vijana. Kwa nini? Simu. Mwanangu, ngano yetu nyingi inatoka nje ya nchi. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza, bei ya ngano ilipaa duniani, mafuta ya kula nayo yakapaa, muuzaji akabaki na jero ileile mkononi. Angefanyaje? Akapunguza manda, akaongeza viazi. Hayo ndiyo yaliyotokea. Ila mwambie mzee habari za Ukraine uone: atakwambia hata hiyo vita imeletwa na simu.

Mzee huyohuyo anakwambia pai ni chakula cha mkoloni. Anasema akiwa anachovya slesi yenye siagi kwenye chai ya maziwa. Sijui hiyo anadhani iligunduliwa Maneromango.

Na ukiomba achari, anaguna: vijana mnapenda kuchanganya changanya. Basi mtajie Ibn Battuta. Mshkaji wa Morocco, alipita pwani yetu mwaka 1331, Mogadishu, Mombasa, Kilwa. Pale Mogadishu aliwekewa wali wa samli, na pembeni yake ndizi mbichi zilizopikwa kwenye maziwa, maziwa ya mgando, ndimu za achari, pilipili za achari, tangawizi mbichi na embe. Pembeni peke yake ilikuwa mlo. Baadaye akaenda zake Delhi, kwa sultani, akakuta nyama ya kusaga na lozi na vitunguu imefungwa kwenye mkate mwembamba, imekaangwa kwa samli. Sambusa hiyo! Yaani mtu alionja achari ya pwani yetu kwanza, akakutana na sambusa ya kifalme baadaye. Sisi tunazileta pamoja kwa jero, halafu mzee anaguna.

Turudi kwa binamu wa bekari, maana najua kuna siku utaalikwa sehemu ya kishua, na sitaki uniangushe.

Pai ya bekari ina siagi nyingi kwenye unga. Tamu, sikatai. Lakini ni mafuta, na ndani nyama ya mafuta. Sasa kuna watu wanaiagiza na kiepe. Mafuta, mafuta, mafuta. Ukimaliza unatafuta ukuta wa kuegemea. London ya mashariki wao wanaila na viazi vya kuponda na mchuzi wa kijani wa majani. Wana baridi yao, tuwaache. Australia wanaimwagia tomato sosi juu, basi, wanaenda zao mpirani. Hao angalau wameelewa kitu: inataka uchachu. Kwetu uchachu upo bure. Kachumbari yenye ndimu ya kutosha, kitunguu kimeoshwa kwa chumvi kisikunukishe mdomo. Achari ya embe kijiko kimoja. Nanasi la Kiwangwa lililokatwa vipande na kunyunyiziwa pilipili, hii ikipita mezani watu wanauliza umesomea wapi.

Uma na kisu? Sikiliza. Kama ni pai ya kwenye bakuli, ina mchuzi, sawa, tumia. Kama ni pai ya kushika, ishike. Kuna jamaa nilimwona hotelini anakata sambusa kwa kisu. Kipande kikaruka meza ya pili, kikamtua dada wa watu kwenye pochi. Wakaangaliana. Haikuwa mwanzo wa mapenzi.

Kitu kingine kinachoniuma ni baitingi za kwenye shughuli. Unachangishwa elfu hamsini. Kadi singo. Unapendeza, unafika, unakaa na njaa tangu asubuhi ukijua unaenda kufidia. Inakuja sahani ya karatasi: sambusa mbili saizi ya kidole gumba, soseji moja imechomwa kijiti, karanga sita, tishu iliyokatwa nusu. Pilipili hakuna, eti zitachafua magauni. Kachumbari hakuna. Soda ya moto. Pale ndiyo unaelewa kwa nini wanangu wanakuja na chupa ya pilipili kwenye mfuko wa koti. Nimewaona. Wanapitisha chini ya meza, kimyakimya, meza nzima inawaheshimu kuliko bwana harusi.

Kama unataka kujipikia gheto, hakuna uchawi. Manda za dukani zipo. Za kutengeneza mwenyewe unasukuma vidonge vidogo, unavipanga na mafuta na unga katikati, unasukuma tena kwa pamoja, unapasha kwenye chuma, unabandua moja moja zikiwa za moto, vidole vinalia. Nyama ya kusaga ikaushe na tangawizi, kitunguu saumu na ndimu hadi maji yaishe kabisa. Kabisa, nimesema. Kitunguu maji na hoho tia baada ya kuepua, visije vikatoa maji. Nyama ikiwa na maji manda inapasuka kwenye mafuta, na mafuta yakikurukia unaanza kucheza singeli bila muziki. Ziba kwa uji mzito wa ngano. Moto wa wastani, usikimbize.

Vinywaji nitapita haraka. Asubuhi, chai ya rangi yenye tangawizi, haijadiliwi. Mchana wa jua, juisi ya ukwaju au dafu. Jioni, soda ya tangawizi iliyotoa jasho kwenye chupa. Kahawa ya kijiweni waachie wenyewe na kashata zao. Energy drink na sambusa, hapana bwana, moyo ni mmoja.

Na usiniagizie kwa bodaboda. Sambusa mbili ni buku, delivari buku mbili, zinafika zimelala ubavu, zimetoa jasho, pilipili imebaki kwa muuzaji. Vaa ndala, nenda mwenyewe, chukua na zangu tatu. Za nyama. Hela nitakurushia mwisho wa mwezi.