Ukiitwa Mahakamani, Usikae Kimya

Hapa Shinyanga wengi wetu tuna watoto au ndugu waliokwenda kuchimba dhahabu Geita. Mtu yuko machimboni, huku nyumbani anadaiwa ng'ombe. Mdai amefungua shauri Mahakama ya Mwanzo. Samansi inaletwa.

Wapo wanaoichana. Wengine wanaogopa kwamba wakienda watafungwa. Lakini shauri la madai si kesi ya wizi. Mahakama inataka kusikia pande mbili: unakubali deni au unakataa, na mashahidi wako ni nani. (Ugomvi wa shamba haupelekwi huko. Huo unaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 linapatanisha tu, haliamui.)

Kama umepata samansi na hukufika, hakimu anaweza kusikiliza upande mmoja na kutoa hukumu. Halafu ng'ombe wako wanaweza kukamatwa wakauzwa. Ulikuwa na sababu ya kweli, kama ugonjwa? Nenda upesi pale pale, ukaombe hukumu iondolewe.

Na kama ulikuwapo lakini hukuridhika, kata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Siku zinahesabiwa tangu hukumu ilipotolewa. Hapo ndipo watu wanapopotea: wanangoja kwanza nakala ya hukumu. Kwa rufaa inayotoka Mahakama ya Mwanzo, sheria haikulazimishi kuambatanisha nakala hiyo. Andika sababu zako, peleka. Siku zikipita, itabidi kwanza uombe kuongezewa muda, na utaulizwa ulikuwa wapi.