Birika lilikuwa na samaki wake

Ndugu msomaji, litaje neno birika mbele ya kijana wa leo wa hapa Mombasa, naye atakuletea chombo cha chai. Hana kosa. Lakini birika ninalolikusudia mimi ni lile la kujengwa, la mawe na chokaa, lililokaa pembeni mwa choo cha kuogea au uani mwa msikiti, likapigwa lipu hata likawa laini kama kiganja cha mkono. Mtu hakuingia ndani yake. Alisimama kando, akateka kwa kata ya kifuu, akajimwagia. Maji ya kuoga yalihesabika kwa kata, na sisi watoto tukizidisha, sauti ya marehemu nyanya yangu ilitufikia huko huko ndani: "We mwana, maji hayo hukuyajaza wewe!"

Waliolijaza walikuwa ni wachota maji wa mzega, debe mbili zikining'inia ncha za mti mmoja begani, au ilikuwa ni mvua. Nyumba kuu za mawe za mwambao zilikuwa na sakafu ya juu iliyotandazwa chokaa, na maji ya mvua yaliweza kuongozwa kutoka huko juu yakashuka mpaka birikani. Mwenye nyumba ya makuti hakuwa na bahati hiyo, kwani maji ya makuti hutoka na rangi na takataka. Yeye alitegemea kisima na mtungi.

Huko Lamu mambo yalitengenezwa kwa ustadi zaidi. Ndani ya birika walitiwa samaki wadogo, kazi yao ni kula viluwiluwi vya mbu. Na katika mabirika mengine bakuli la kaure lilijengewa chini kabisa, sakafuni, ili maji yakitekwa yakakaribia kwisha, yabaki kidogo humo bakulini samaki wasife. Mimi nimeyatazama mabakuli hayo nikastaajabu. Huyu ni mtu aliyefikiria siku ya ukame, akamfikiria na samaki wake.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Katikati ya mwaka 2004, Lamu ilikuwa na ukavu na joto lisilo la kawaida. Watu waliweka maji majumbani katika mapipa, mitungi na ndoo, na kwa uhaba ule vyombo havikumwagwa vikasuguliwa mara kwa mara. Likazuka gonjwa la homa na maumivu ya viungo, mtu akawa hawezi kusimama wima. Lilikuwa ni chikungunya. Watafiti walipopima damu za watu baadaye, walikadiria kwamba robo tatu ya wakazi, yaani kama watu 13,500, walikuwa wamepatwa. Jina hilo, kwa wapenzi wa lugha, ni la Kimakonde, lenye maana ya kile kinachomkunja mtu, na lilianza kuandikwa na waganga baada ya mlipuko wa 1952 huko kusini mwa Tanganyika. Hapa Mombasa nako liliingia mwisho wa 2017 likaendelea 2018, na kabla yake, 2013, tulikuwa tumeonja homa ya dengi.

Mbu wa maradhi haya si yule wa usiku wa mashimoni. Huyu huuma mchana, naye hupenda maji ya nyumbani yaliyotulia. Mayai yake huyabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingojea maji yapande. Ndiyo maana kumwaga tu hakutoshi: sharti pipa lisuguliwe kuta zake kila juma, kwani kutoka yai mpaka mbu arukaye ni siku saba hadi kumi hivi. Asiyeweza kulimaliza pipa lake kwa juma moja, na alifunike kwa kitambaa kilichofungwa kamba barabara. Kifuniko cha bati kilichopinda si kifuniko.

Nimeyaleta haya kwa kuwa nasikia kila mara tukihimizwa tuweke akiba ya maji, jambo jema kabisa, lakini hatuambiwi la pili yake. Wazee waliweka maji na wakaweka samaki. Sisi tumeyachukua maji, samaki tukamwacha.

Katika chuo, maalimu wetu alitufundisha mlango wa maji kabla ya mlango wa sala, na mpaka leo naona ni elimu ya nyumbani kama ilivyo ya dini. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Kibaba hicho hakifiki lita moja. Jaribu leo wewe uliyefungua mfereji: tega ndoo chini yake unapotawadha, kisha uitazame. Na tulisomeshwa kwamba maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu ni safi lakini hayatoharishi tena, maana yake si ya kutawadhia mara ya pili, bali hakuna aliyesema yatupwe. Nyanya yangu aliijua hukumu hiyo bila kufungua kitabu. Maji ya kuoshea mchele yalikuwa ya mbuzi, ya kuoshea samaki yalikuwa ya mnazi, na ya kufulia nguo yalikaa ndooni yakingojea choo. Mkojo haustahili maji ya kunywa, alikuwa akisema, na mimi sijapata jibu la kumpinga.

Mfereji ndio uliotusahaulisha. Bomba la Mzima lilipofika Mombasa mwaka 1957, likileta maji kutoka chemchemi za Tsavo, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, nani tena angejenga birika? Kuna pia Marere huko Kwale, na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Lakini watu wamezidi, mabomba yamezeeka, na mitaa mingi hupata maji kwa zamu, mingine haipati. Nyumba ninayokaa mfereji umewahi kukauka wiki tatu, na hati ya malipo ikaja siku yake ile ile, haikuchelewa. Wiki hizo tulinunua kwa mkokoteni, mitungi ya lita ishirini, na bei ilipanda kadiri jua lilivyopanda.

Tena mbingu hazitunyimi kama tunavyodhani. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya meta moja ya mraba ya paa ni lita moja. Mombasa hupata kama milimita elfu moja kwa mwaka. Bati la meta 50 za mraba, basi, hupokea kama lita elfu hamsini; toa zinazopotea, bado ni nyingi. Katika ule ukame wa kuanzia mwisho wa 2020, misimu mitano ilipita mfululizo mvua ikishindwa katika sehemu kubwa za nchi yetu, kisha mwisho wa 2023 ikaja gharika. Maji yote yale yalipita barabarani yakaenda baharini, na watu wamesimama vibarazani wakiyatazama.

Lamu, angalau, mchanga huyapokea. Yale machuguu ya Shela ambayo mgeni huyaona ni mahali pa kupigia picha ndiyo tangi la mji. Mvua huzama mchangani, na maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, huelea juu ya maji ya chumvi. Kwa kila meta moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna meta kama 40 chini yake. Kwa hivyo ukiyashusha juu kidogo kwa kupampu ovyo, chumvi hupanda kutoka chini kwa wingi. Anayejenga juu ya machuguu hayo anajenga ndani ya mtungi wa wenzake.

Mimi nimekwisha kuzungumza na fundi. Birika litakaa uani, futi nne kwa tatu, kina futi tatu, ambalo ni kama lita elfu moja, na wavu juu yake. Amekubali kila kitu, hata bakuli la chini, ingawa alicheka. Aliniuliza samaki tutawapata wapi. Nimemwambia hilo aniachie. Nina jamaa Lamu.