Mchana Mmoja Chinatown: Soma Jina Kabla ya Kuweka PIN

Likizo ilitupeleka San Francisco, Marekani, kumtembelea rafiki yetu wa tangu shule ya upili. Yeye ni nesi huko. Siku yake ya mapumziko ilipofika akatuambia, "Leo hakuna kukaa kwa nyumba. Twende Chinatown."

Tuliingilia lango la joka, pale Grant Avenue inapokutana na Bush Street. Lango ni la 1970, lakini mtaa wenyewe ni mzee zaidi. Wachina walianza kufika hapa kwa wingi wakati wa mbio za dhahabu, karibu mwaka wa 1850. Grant ni ya watalii: taa nyekundu, vikombe vya chai, fulana. Ukipanda hadi Stockton Street ndipo unakutana na wenyeji, akina mama wakigeuzageuza mboga na kubishana bei ya samaki. Tulihisi ni kama tuko Marikiti.

Saa nane njaa ikauma. Tukala vijifuko vya unga vya kamba na vya nyama, vilivyopikwa kwa mvuke, vikafuatwa na chai isiyo na sukari. Wakati wa kulipa tukatoa kadi. Mhudumu akatuonyesha karatasi ukutani: kesh tu. Sisi hatukuwa na noti hata moja, kwa hivyo rafiki yetu akalipa yote. Deni letu: dola 25, kama shilingi 3,200 hivi.

Nyumba ya simu

Tukateremka Washington Street, tukasimama mbele ya jengo dogo lenye paa tatu zilizopandana, kama hekalu. Leo ni benki. Zamani lilikuwa kituo cha simu cha Chinatown, lililojengwa upya 1909 baada ya tetemeko na moto wa 1906 kuteketeza mtaa.

Hapo ndipo rafiki yetu alitupa hadithi ya siku. Wakazi hawakupenda kuombana kwa nambari; waliona ni kukosea mtu heshima. Ulipiga simu ukasema, "Nipe fulani." Mpokezi, mara nyingi msichana aliyekulia mtaani humo, alijua fulani ni nani, anaishi wapi, na kama majina yanafanana, unamtaka yupi. Wapokezi walikariri majina ya wateja zaidi ya elfu moja, na walizungumza Kiingereza na lahaja kadhaa za Kichina. Kazi hiyo iliisha 1949, simu za kujipigia zilipoingia.

Tarakimu moja tu

Tukaketi Portsmouth Square, wazee wakicheza karata kwa kelele. Tukamwambia rafiki yetu tunataka kumlipa deni lake.

"Usinirudishie mimi. Mtumie mathe. Asubuhi ana kliniki ya presha, na hana nauli wala pesa ya dawa."

Ilikuwa saa tisa alasiri. Nyumbani Kenya ilikuwa saa saba usiku. Akatutajia nambari kwa kichwa, sisi tukaandika, tukaweka kiasi. Kabla ya PIN, simu ikatuonyesha jina la mwanamume.

"Baba yako?" tukauliza.

Akachungulia. "Haki, huyo simjui!"

Kumbe kwa zile kelele tulisikia sita badala ya tisa. Tungebonyeza haraka, pesa ya dawa ingelala kwa simu ya mtu mgeni, na mama angeamka asubuhi bila nauli.

Tukafuta, tukaanza upya. Safari hii rafiki yetu alisoma nambari polepole, kisha jina lilipotokea akalisoma kwa sauti, moja, mbili, tatu. "Ndiye." Tukatuma.

Simu haimjui mama wa mtu. Inajua nambari tu. Ile kazi ya msichana wa Washington Street sasa ni yako.

Kabla hujatuma

- Kama unaye mpokeaji kwenye orodha ya simu yako, mchague hapo badala ya kuandika nambari upya.
- Ukitajiwa nambari kwa mdomo, irudie kwa sauti kwa yule aliyekupa.
- Soma jina lote linalotokea. Usipolitambua, futa, uulize.
- Ukikosea, wasiliana na huduma kwa wateja papo hapo. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni vigumu.
- Mtu akipiga kudai amekutumia kimakosa, angalia salio lako kwanza. Kisha mwambie aombe kurudishiwa kupitia kampuni; usimtumie mwenyewe.
- Ukisafiri, beba noti chache za nchi uliyomo. Si kila mkahawa unapokea kadi.

Usiku ule, nyumbani kukiwa kumekucha, ujumbe uliingia kwa simu ya rafiki yetu: "Nimepata. Nashuka stage sasa. Na nyinyi, mlikula?"