Cheni Ikiruka Kwenye Matuta



Hapa Mwiki baiskeli si ya matembezi. Inabeba maziwa, mayai, mboga za kupeleka Githurai, na maji. Mitungi miwili ya lita 20 ni kilo 40 juu ya keria. Cheni ikiruka kwenye tuta, pedeli hukosa nguvu ghafla, mguu unateleza, na mwendeshaji anaanguka na mzigo wake. Maziwa yakimwagika, hasara ni ya kikundi kizima.

Wengi hulaumu barabara. Barabara ni mbaya, hatukatai, lakini mara nyingi tuta huirusha cheni iliyokuwa imelegea tayari.

Watu husema cheni imevutika kama mpira. Sivyo. Kila kiungo kina pini, na vumbi likichanganyika na mafuta huwa kama msasa. Pini zinalika kidogo kidogo, na kwa viungo zaidi ya 100 ule udogo unakuwa mwingi.

Pimeni hivi. Wekeni rula katikati ya pini moja, kisha mhesabu pini 24 zinazofuata. Cheni mpya hufika inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, nunueni nyingine. Mkingoja mpaka izidi kwa 1/8, meno ya gia nayo yatakuwa yamelika, na hapo mtanunua vyote pamoja.

Kuna jambo tunaomba liachwe kabisa: kukata kiungo kimoja ili cheni iliyolika ikaze. Inakuwa fupi, ndiyo, lakini nafasi kati ya pini ni pana vilevile, na zinaendelea kula meno. Ni kama kupunguza suruali kiunoni na imeraruka magotini!

Kwa Black Mamba, ambayo haina gia nyingi, legezeni nati za ekseli ya nyuma mvute gurudumu nyuma. Cheni icheze kama sentimita 1 hadi 2 ukiisukuma juu na chini katikati. Zungusheni pedeli mzunguko mzima na mpime pale inapokaza zaidi. Gurudumu likae katikati ya fremu.

Baiskeli za mlima, zile za gia nyingi, hukazwa na mkono wenye springi ulio nyuma. Kabla ya kufika kwenye tuta, weka gia ya mbele kubwa au ya kati, na ya nyuma ya katikati. Ukiwa juu ya tuta usikanyage wala usibadilishe gia. Simama kidogo kwenye pedeli upite. Kama baiskeli ilianguka na ule mkono ukapinda, msiiendeshe mpaka fundi aione, maana cheni inaweza kuingia kwenye spoki na kulifunga gurudumu.

Kuhusu mafuta: futeni cheni kwa kitambaa, tieni tone la mafuta ya cherehani kwa kila kiungo, halafu mfute yaliyobaki nje. Mafuta machafu ya gari ni ya bure, lakini yamebeba unga wa chuma.

Cheni ikitoka njiani, irudishe kwa kijiti. Vidole visikaribie meno huku mtu mwingine anazungusha pedeli, na watoto wanaopenda kusaidia waambiwe hivyo mapema.