Kansere ya ziwa: shida haiko kwenye jeni tu

Bandugu, mie nilisoma agronomia, lakini swali hili linatuhusu wote: kwa nini seli ya ziwa inagawanyika bila kusimama?

Tulifundishwa kwamba ADN njo inatoa amri. Kweli. Lakini amri inabebwa na ARN mjumbe, na mjumbe huyo anapaswa kuvunjwa mapema, seli isiendelee kutii amri ya jana. Ziko proteini zinazomshika na kuamua adumu ao avunjwe.

Moja inaitwa HuR. Kwa kawaida inakaa zaidi ndani ya kiini cha seli. Katika kansere nyingi za ziwa inakutwa inje ya kiini, kwenye sitoplasma. Kule inaweza kumlinda mjumbe wa siklini E1, proteini inayosukuma seli igawanyike. Mjumbe anadumu, seli zinazidi.

Njo maana jeni inaweza kuwa nzima kabisa na amri yake ikapita kipimo. Watafiti wanatafuta dawa ya kuzuia HuR isishike ARN.

Basi mama ao dada akigusa kivimbe kwenye ziwa, asingoje kiume. Mara nyingi mwanzoni hakiumi. Aende apimwe.